Mwalimu na Vielezi Vyake vya Hasira

Mwaka 2003 nilikuwa kibarua kwenye ofisi ndogo ya uchapishaji Dar es Salaam, ghorofani, karibu na Mnazi Mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuchapa miswada na kuingiza kwenye kompyuta masahihisho ya mhariri, mama mmoja mwenye kalamu nyekundu na maneno machache. Adhuhuri moja akaingia mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliyekuwa ameandika hadithi kwa lugha hiyo kwa ajili ya vijana wa sekondari. Shikamoo yangu aliitikia huku akiutua mswada mezani. Alitaka kujua kwa nini umerudi umejaa wekundu.

Nilikuwa nimeuchapa mimi, naujua. Humo hakuna aliyesema neno akaachwa aseme tu. Konda alisema irritably, abiria akamjibu crossly, trafiki akadakia testily, na bibi mmoja wa siti ya nyuma akalalamika peevishly. Daladala nzima imenuna, na kila mmoja kanuna kwa kielezi chake.

"Mama, haya maneno si mamoja," Mwalimu alianza, bado amesimama. Kisha akafundisha. Crossly ni ya maudhi ya kawaida, ya nyumbani, mtoto aliyenyimwa ruhusa ya kwenda kucheza. Testily ni ya mwenye subira fupi, anayekujibu kabla hujamaliza kuuliza. Peevishly ina kudeka ndani yake, mtu mzima analialia kwa jambo dogo. Irritably inawabeba wote, ndiyo maana wavivu huipenda. Na curtly, akasema, haina hasira yenyewe: ina ufupi tu, hasira anaijaza msomaji. Nimeshika kamusi nyingi tangu siku ile na hakuna iliyonifungua macho kama yeye.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Akafungua droo, akatoa kurasa alizozitoa kwenye printa ya kafe ya intaneti: makala ya Elmore Leonard, Mmarekani mwandishi wa riwaya za uhalifu, iliyotoka katika New York Times mwaka 2001. Kanuni 10 za uandishi. Ya tatu inataka mazungumzo yabebwe na said peke yake. Ya nne inakataza kuifunga hiyo said na kielezi chochote.

Mwalimu alizisoma akiwa ameshusha miwani puani. "Huyu bwana, Jane Austen amemsoma?"

Sikutegemea mzozo ufike huko, lakini ulifika. Mwalimu alikuwa na Pride and Prejudice, riwaya ya huyo Austen, mwandishi Mwingereza, ya mwaka 1813, kichwani mwake. Sura ya pili, akasema: Bi Bennet anamkaripia bintiye Kitty kwa kukohoa, eti anamchania neva zake. Baba anatia utani, Kitty hana busara, anakohoa wakati usiofaa. Binti anajibu kwamba hakohoi kwa kujifurahisha. Replied Kitty fretfully, yaani kwa kunung'unika. "Sasa kiondoe hicho kielezi, Mama. Maneno yale yale yanaweza kuwa utani wa kumrudishia baba. Utajuaje kama binti hakucheka?"

Mama naye alikuwa amekisoma. "Na sura ya kwanza? Mke anahadithia habari za mpangaji mpya, mume kimya. Mke anapaza sauti, kwani hutaki kujua ni nani? Cried his wife impatiently. Kimya cha mume tumekiona, sauti ya mke tumeisikia. Hiyo impatiently inaongeza nini?"

Kumkosoa Austen mbele ya mwalimu wa Kiingereza! Nikainamia kibodi, nikijifanya nachapa. Kwa kweli nilimwona kila mmoja ana haki kwa mfano wake, na hadi leo nikisahihisha kazi za watu napima kwa mifano hiyo miwili: maneno yenyewe yakishaonyesha maudhi, kielezi ni mzigo, yakiweza kusomwa kwa namna mbili, kinabaki.

Mwalimu alivuta kiti hatimaye, wakaanza ukurasa kwa ukurasa. Konda anayefoka watu wasogee nyuma alipoteza irritably yake bila ubishi. Trafiki naye. Kwa bibi wa siti ya nyuma Mama aliuliza, "Huyu akiudhika hufanyaje?"

"Husonya."

"Basi na asonye, Mwalimu. Usiniambie."

Akaandikwa anasonya, na peevishly ikafutwa. Ila kuna mahali abiria anamwambia konda anayetafuta chenji, "Take your time." Mwalimu akaweka kidole pale. Bila crossly, alisema, huyu ni muungwana asiye na haraka. Nayo, ni kijembe. Mama alitazama mstari ule kitambo, akazungushia duara na kuandika pembeni kibaki. Mwalimu alinigeukia mimi, "Kijana, umeona?" kana kwamba nilikuwa nimeweka dau.

Furaha yake haikudumu, maana waliingia kwenye alama za mshangao. Leonard anaruhusu mbili au tatu kwa kila maneno 100,000 ya masimulizi. Mwalimu alikuwa amezimaliza zote kabla daladala haijatoka kituoni.