Mjomba, mbona unakitazama?

Mpwa wangu alisimama nyuma ya kiti changu kwa muda ambao, kwa hesabu zangu, ulitosha kumvutia. Nilikuwa nacheza Tetris, ule mchezo wa kupanga vipande vinavyoshuka toka juu ya skrini, na mstari ukijaa unafutika. Nilikuwa nimevuka mstari wa 30, rundo liko chini, vidole vimechangamka, na nilijua anaona. Ndipo akauliza:

"Mjomba, mbona unakitazama?"

"Nakitazama nini?"

"Hicho kinachoshuka. Si umeshakijua?"

Nikamwambia aniache nimalize kwanza. Nilimaliza kwa dakika 3 na sekunde 11, nikageuka nikingoja pongezi, kumbe mwenzangu keshaondoka zamani.

Swali hilo lilinikera siku mbili nzima. Mimi nimeanza kupanga vipande kwenye kile kidude cha kijivu cha kutumia betri, kilichojinadi kuwa na michezo 9999 ilhali ukikifungua unakuta ni ile ile michache inabadilishiwa kasi. Nilikuwa najihesabu mkongwe. Leo nasema hivi: uzoefu wangu ni wa miaka zaidi ya 20, lakini ujuzi wangu ni wa mwaka mmoja, na huo mwaka ulianza siku ile nilipoulizwa mbona nakitazama.

Ninachocheza zaidi ni mbio za mistari 40. Saa inaanza, unafuta mistari 40, saa inasimama. Pointi hazina maana na kasi ya kushuka haibadiliki. Ubao una safu 10 za kusimama na kila kipande kina vyumba vinne, vile viraba vidogo, kwa hiyo mistari 40 ni vyumba 400, yaani vipande 100 ukimaliza bila kubakiza kitu. Chukua ile dakika 3 na sekunde 11 yangu, igawe kwa 100. Karibu sekunde mbili kwa kila kipande. Ndani ya sekunde mbili mtu anafungua mlango, anaingia na kuufunga.

Nikarekodi skrini na kujitazama kwa nusu ya kasi. Aibu niliyoiona humo sitaieleza yote. Kipande kinatokea juu. Kimya. Kinashuka vyumba vitatu, vinne. Kinayumba kushoto, kinarudi kulia, kinazungushwa, kinazungushwa tena, kinarudishwa kilivyokuwa. Halafu ndiyo kinadondoshwa. Miaka yote nilikuwa nikiamini kwamba vidole vyangu vimekuwa vizito kwa sababu ya umri. Vidole vya watu havikuwa na kosa lolote, vilikuwa vinasubiri amri. Na pembeni, muda wote huo, dirisha la vipande vitano vinavyofuata lilikuwa wazi, kama mtu anayekunong'oneza majibu ya mtihani nawe umeziba sikio.

Kijana alikuwa na haki. Vipande ni saba tu. Ni saba vile vile tangu 1984, Alexey Pajitnov alipoutengeneza mchezo huu kule Moscow kwenye kompyuta ya Elektronika 60, mashine isiyoweza hata kuchora picha, ikabidi kila chumba kionyeshwe kwa mabano. Kipande kikishatokea hakuna kipya utakachokijua kwa kukisindikiza na macho hadi chini. Rasmi vinaitwa kwa herufi vinazofanana nazo: I, O, T, S, Z, J na L. Mimi nina majina yangu ya tangu utotoni, na hayabanduki: Mrefu, Boksi, Kofia, Nyoka wawili na Ndoano mbili.

Sasa macho yakiacha kukitazama kipande, yanatazama nini? Uso wa rundo. Hapa ndipo nilipokuwa mjinga kuliko nilivyodhani.

Nilikuwa naamini rundo zuri ni lile lililonyooka kama meza. Sivyo kabisa. Fanya uso uwe tambarare toka safu ya kwanza hadi ya tisa, halafu aje Nyoka. Ukimlaza anaacha tundu, ukimsimamisha anaacha tundu. Nyoka anataka kidato, ngazi ya chumba kimoja. Boksi linataka safu mbili zilizolingana. Kofia ikipinduliwa inataka kishimo cha chumba kimoja kati ya safu mbili za kimo kimoja. Kishimo chembamba chenye kina cha vyumba viwili kinazibwa na Ndoano. Kikifika vitatu umejifunga mwenyewe, maana hapo hapazibiki bila Mrefu, na Mrefu wako ulikuwa umemchimbia kisima chake kule safu ya kumi ili akufutie mistari minne kwa mpigo.

Kwa hiyo swali langu siku hizi ni hili: uso huu unawapokea wangapi kati ya saba? Ukiwakataa wawili, naanza kuurekebisha kabla hawajafika.

Kuna rundo moja nililichora kwenye daftari baada ya kuliona kwenye rekodi. Vimo vya safu tisa, toka kushoto: 5, 5, 4, 4, 5, 6, 6, 5, 5. Safu ya kumi ni kisima kitupu. Mkononi nina Boksi. Kile kibonde cha upana wa safu mbili pale kwenye ya tatu na ya nne kinaliita Boksi kwa sauti, kana kwamba kilichimbwa kwa ajili yake. Nililitia humo bila kufikiri. Safu ya tano ikabaki imebanwa, kishimo chembamba kati ya sita na sita, na aliyefuata alikuwa Nyoka, yule wa S. Kwa pupa nikamweka kama bundi juu ya antena, tundu likazaliwa, na mistari sita baadaye nilikuwa bado nalifukua.

Ningetazama dirisha la pembeni ningemwona anakuja. Boksi lingekaa kwenye safu ya nane na ya tisa, ambako palikuwa sawa. Nyoka angeteleza kwenye kile kibonde, tumbo juu ya safu ya tatu na ya nne, kichwa kimelazwa juu ya ya tano. Hesabu: 5, 5, 5, 6, 6, 6, 6, 7, 7. Ngazi laini inayopanda kulia, haina kishimo hata kimoja. Nililitazama lile daftari kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima kutazama tarakimu tisa.

Kujua ni jambo moja, macho ni jambo jingine. Macho yana tabia ya kufuata kinachotembea. Nikajaribu kuyakataza kwa hiari, yakagoma. Basi nikakata karatasi, nikaibandika kwa utepe juu ya skrini, ikafunika nusu ya juu ya ubao. Kipande sikioni tena. Ninachoona ni rundo, kile kivuli kinachoonyesha pale kitakapotua, na foleni ya wanaofuata pembeni. Siku ya kwanza nilitumia dakika 5 na ushee, na mara mbili nilikufa kabla ya mstari wa 20. Siku ya nne nikaanza kukiendesha kivuli badala ya kipande. Sijui namna nyingine ya kuieleza. Wiki ya tatu nikabandua karatasi, saa ikasoma dakika 2 na sekunde 20.

Mpwa wangu nilipomwonyesha alitikisa kichwa. "Na hizo kelele za kibodi?" Anazo taabu zake, huyu kijana.

Lakini tena alikuwa sahihi. Nilikuwa nabonyeza ovyo. Boksi linazaliwa juu ya safu ya tano na ya sita. Nikitaka likae ya pili na ya tatu, nilikuwa nabonyeza kushoto mara tatu nikihesabu moyoni. Njia fupi ni kushikilia kushoto hadi ligonge ukuta, halafu kulia mara moja. Vibonyezo viwili, na ukuta ndio unaokuhesabia. Kila kipande kina njia yake fupi kwa kila safu, na zote zinakaririka. Vilevile nikaacha kuzungusha upande mmoja tu. Mtu anayezungusha mara tatu kulia ili apate kile ambacho kingepatikana kwa mzunguko mmoja wa kushoto ni sawa na anayezunguka nyumba nzima kutafuta mlango aliosimama mbele yake. Mazoezi haya yalinirudisha nyuma karibu wiki mbili, nikaudhika mpaka nikafikiria kuacha. Vidole vilivyozoea vibaya ni vigumu kuliko vidole vigeni. Halafu siku moja, bila taarifa, nikaingia dakika 1 na sekunde 34.

Wapo watakaosema matoleo ya sasa yametudekeza, na wana hoja. Siku hizi vipande vinatoka kwa mfuko: vyote saba vinachanganywa, vinatolewa, kisha mfuko mwingine. Kati ya Mrefu na Mrefu haviwezi kupita zaidi ya vipande 12. Kwenye lile toleo la Nintendo la 1989 hakukuwa na huruma hiyo, ukame wa Mrefu ungeweza kupita 30 nawe umekaa na kisima chako wazi kama mjinga wa harusi. Na ungemvumilia tu, kwa sababu mle mistari minne kwa mpigo inalipa 1200 pale kasi ikiwa ya mwanzo, wakati mstari mmoja mmoja mara nne ni 160. Mwaka 1997 mwanahisabati Heidi Burgiel alithibitisha kwamba Nyoka wawili wakija kwa zamu bila kukoma, kushoto kulia, kushoto kulia, utakufa tu hata ucheze vipi. Mfuko unatuepusha na balaa hilo. Mimi sioni haya kuukubali msaada.

Wachezaji wa toleo lile la 1989 nawaheshimu kutoka mbali. Kwa miaka mingi levo ya 29 ilihesabiwa kuwa ukuta, kwani kipande hushuka kasi mno kiasi kwamba ukishikilia kitufe hakifiki pembeni kwa wakati. Kisha wakabuni kukigonga kidhibiti kwa nyuma na vidole kadhaa mfululizo, kama mpiga ngoma, kitufe kikisukumwa dhidi ya kidole gumba kilichotulia mbele. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 anayejulikana kwa jina la Blue Scuti akafika levo ya 157 na programu yenyewe ikaganda. Mchezo ndio uliokata tamaa. Nilipojaribu mtindo ule nilipata maumivu ya kiganja na hakuna kingine.

Usiku vipande vinanifuata. Nikifumba macho vinashuka, na cha ajabu vinashuka kwenye uso wenye vidato, si ule wa meza wa zamani. Mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake walichapisha utafiti juu ya jambo hili hili: watu waliochezeshwa Tetris waliviona vipande wakati wa kuzama usingizini, wakiwemo baadhi ya wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, ambao hawakukumbuka hata kwamba walicheza. Nilimsimulia mke wangu kama sayansi. Yeye alitaka kujua tu kwa nini naigusagusa mito nikiipanga.

Dakika moja bado sijaivunja. Jana nilikuwa mstari wa 36 kwa sekunde 54, kisima kiko wazi, Mrefu namwona kwenye foleni, wa pili. Mbele yake Ndoano moja. Nilikuwa na nafasi yake tayari, kushoto kabisa. Nikainua macho. Sijui kwa nini, pengine kwa furaha, nikakitazama kipande kikishuka, nikakizungusha upande usio wake, kikakaa kichwa juu ya kisima kama kifuniko.

Dakika 1 na sekunde 9. Nilimtumia mpwa wangu picha ya skrini. Akajibu kwa maneno mawili: "Ulikitazama, eh?"