Tangazo la mawese la sekunde 30: nilivyolimaliza Kigoma kwa siku mbili

Jumatano jioni Mama Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokamua na kufungasha mawese alinipigia simu. "Mwanangu, tumepata nafasi kwenye televisheni. Wanalitaka tangazo Ijumaa, saa nne asubuhi." Picha za video zilikuwa tayari tangu wiki iliyopita, tulizipiga kwa simu mbili na kamera moja ya kuazima: michikichi, kinu, chupa zikijazwa, mgebuka, samaki wa ziwani, ukichemka kwenye sufuria ya mawese, boti zikitoka mwalo wa Kibirizi alfajiri. Kilichobaki ni kukata, kusawazisha rangi, kuweka maandishi na bei, kupanga sauti na kutoa faili, na yote hayo nayafanya kwenye programu moja ya kompyuta, DaVinci Resolve. Watu wengi hapa Kigoma wanadhani hiyo ndiyo sehemu ndogo.

Kabla sijaendelea, niseme kuhusu ushauri ulionipotezea muda. Kaka mmoja wa Dar, fundi kweli wa matangazo, alinishikilia kwamba kazi ya televisheni haifanywi kwenye programu moja. Kata huku, maandishi yanayotembea tengeneza kule, rangi kwingine, sauti kwingine tena. Nikamfuata kwenye tangazo langu la kwanza, la duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya mwisho mwenye duka akabadilisha namba ya simu, tarakimu moja tu. Nikafungua programu ya maandishi, nikabadilisha, nikasubiri itengeneze video upya, nikalirudisha faili kwenye programu ya kukatia, nikakuta limezidi fremu kadhaa, zile picha moja moja zinazounda video, na sauti haikai tena mahali pake. Tarakimu moja ilinila usiku mzima. Rangi nayo ikatoka imefifia, kwa sababu faili lilikuwa limebanwa mara tatu likihama toka programu hii kwenda ile.

Ushauri wake ulikuwa na ukweli wa zamani. Kampuni ya Blackmagic Design iliinunua DaVinci, waliotengeneza Resolve, mwaka 2009, na kwa miaka mingi watu waliijua Resolve kama chombo cha rangi tu. Fairlight, ya sauti, iliingia ndani yake mwaka 2017, na Fusion, ya maandishi na michanganyiko ya picha, mwaka 2018. Tangu hapo, mtu anayekwambia uhamishe faili programu nne kwa ajili ya sekunde 30 anakupa mazoea yake. Mimi natumia toleo la bure. La kulipia ni karibu dola 300, unalipa mara moja, na nitalinunua siku moja, lakini tangazo la HD, yaani picha ya nukta 1920 kwa 1080, halijawahi kunikwamisha kwenye la bure.

Sasa tangazo la mawese. Nilianza usiku uleule, na nikakosea mwanzoni kabisa. Nilipovuta klipu ya kwanza, ya simu, programu iliniuliza kama nataka mradi ufuate kasi ya klipu hiyo, yaani fremu ngapi kwa sekunde. Nikakubali bila kusoma. Kufika Alhamisi mchana nilikuwa na sekunde 30 nzuri, nimezikata hadi nimeridhika, nikamtumia fundi wa kituo azitazame. Akajibu kwa mstari mmoja: "Hii ni fremu 30. Sisi tunapokea 25."

Nilijua. Televisheni zetu ni 25 tangu enzi za PAL, ule mfumo wa zamani wa kurusha televisheni, na kila siku mradi wangu naufungua kwa 25 kabla sijaingiza chochote. Siku hiyo haraka ilinishika. Na ukishaweka klipu kwenye taimulaini ya Resolve, ule ukanda wa kupangia klipu, kasi ya taimulaini hiyo huwezi kuibadilisha tena.

Nikafungua mradi mpya wa 25, nikahamishia kazi yote kama ilivyo. Nikacheza. Boti za Kibirizi, zilizokuwa zikiteleza juu ya maji, zikaanza kuwa na kigugumizi. Ukitoa fremu 25 kwenye sekunde iliyopigwa kwa 30, moja katika kila sita inatupwa, na jicho linaiona pale panapotembea kitu taratibu na kwa mfululizo: boti, mawimbi, mafuta yanayomiminika. Kwenye mawese ilikuwa mbaya zaidi. Ule mkondo mwekundu unaoshuka kwenye chupa ulikuwa unaruka kama unamiminwa na mtu anayetetemeka.

Nilikaa kama nusu saa bila kugusa kitu. Ndipo nikakumbuka kwamba klipu ina sifa zake, na kasi yake ya fremu imo humo. Nikafuta nilichohamisha, nikarudi kwenye hazina ya klipu, nikachagua zote za simu zisizo na mtu anayeongea, nikabonyeza kitufe cha kulia, nikafungua Clip Attributes na kuiambia programu kwamba hizi ni za 25. Hakuna fremu inayotupwa hapo. Zote zinachezwa, ila sekunde moja iliyopigwa inakuwa sekunde moja na nukta mbili. Nikarudisha mkondo wa mawese kwenye taimulaini, nikacheza, nikapiga meza kwa furaha. Haukuruka tena, na zaidi ya hapo ulikuwa mzito. Mafuta yalishuka polepole, yakajikunja chini ya chupa kabla ya kusambaa, utadhani tulipiga na kamera ya bei mbaya. Boti zilipata utulivu wa alfajiri ambao sikuwa nao hata kwenye toleo la kwanza. Ilibidi nikate upya, kwa kuwa kila klipu ilikuwa ndefu zaidi na tangazo lina fremu 750, hata moja isizidi. Saa mbili hivi.

Kwa mtu anayeongea usithubutu, maana sauti na midomo vitaachana. Klipu ya Mama Mwenyekiti, naye alipigwa kwa simu, niliiacha kwenye kasi yake, nikaiambia programu ibuni fremu za katikati, wanaita optical flow. Uso ulikaa vizuri kwa kuwa alikaa tuli. Mahali pamoja tu, alipoinua mkono, vidole viliyeyuka na kushikana kama nta. Hapo nikaweka picha ya chupa, sauti yake ikaendelea chini.

Jioni Mama akaja ofisini kwangu Mwanga, hapahapa mjini, na chupa mkononi. Akatazama mara moja, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, haya ni mawese au nyanya ya kopo?" Alikuwa sahihi. Simu ilipika nyekundu kupita kiasi, na kwenye grafu ya kupimia rangi mstari wa nyekundu ulikuwa umegonga dari na kulala bapa huko juu, maana yake hakuna tena tofauti kati ya mafuta yenye mwanga na yenye kivuli. Akaiweka chupa yake dirishani, jua la jioni likapita ndani. Mawese mazuri si mekundu tu, yana rangi ya chungwa pembeni, pale mafuta yanapokuwa membamba. Tulikaa wawili tukiitafuta rangi ile. Nilianza na ndoo nyeupe iliyokuwa nyuma ya kinu, nikaitumia kurekebisha weupe. Kisha nikapunguza ukolezi wa nyekundu peke yake, nikaisogeza kidogo kuelekea njano. Klipu tano zote za mafuta nilikuwa nimeziweka kwenye kundi moja, hivyo nilirekebisha mara moja tu na zote zikafuata. Mama akawa anaangalia chupa, anaangalia skrini. "Bado. Bado. Hapo."

Usiamini skrini ya laptopu peke yake. Nililiweka tangazo kwenye flashi, nikashuka mgahawa wa chini, nikawaomba waliweke kwenye televisheni yao. Maandishi ya bei yalikuwa karibu mno na ukingo na nusu ya herufi ya mwisho haikuonekana. Nikayavuta ndani.

Sauti sitaiongelea sana. Kituo kilitaka wastani wa LUFS 23 chini ya sifuri, LUFS ni kizio cha ukubwa wa sauti, na kipimo chake kimo humohumo kwenye Fairlight, nikashusha ngoma mpaka sauti ya Mama ikakaa juu. Ukituma kwa sauti ya kelele, wao wataishusha na tangazo lako litasikika dogo.

Saa tano usiku umeme ukakatika. Mradi hujihifadhi wenyewe kila hatua, kwa hiyo sikupoteza kitu, na laptopu ilikuwa na betri ya saa moja na kitu. Hapa ndipo nilipojishukuru: tangu mchana nilikuwa nimeiacha programu ihifadhi picha zilizokwisha kutengenezwa, kwa ubora wa juu, wakati nakunywa chai au naongea na Mama. Kwenye kutoa faili kuna kisanduku cha kuitaka itumie hizo hizo. Nikakiweka alama. Kazi ambayo ingemaliza betri ikaisha kwa dakika chache.

Ijumaa saa mbili asubuhi, faili liko tayari kutumwa, simu ya Mama. Bei ya lita imepanda, kikao kimekaa jana usiku.

Sikulalamika hata kidogo. Nilifungua mradi, nikabonyeza maandishi pale pale juu ya picha, nikaandika bei mpya, ikaingia na mwendo wake uleule, herufi zikipanda kutoka chini ya chupa kama zilivyokuwa. Nikatoa faili upya. Lilikuwa kama MB 190, nikalituma kwa bando la simu nikiwa nimesimama uani, mtandao unapokuwa na nguvu kidogo.

Saa tatu na nusu fundi wa kituo akajibu: "Imepokelewa, iko sawa." Jumatatu wakaomba la sekunde 15. Nilinakili taimulaini, nikabakiza mkondo wa mafuta, Mama na bei, fremu 375, na kabla ya mchana lilikuwa kwao.