Mradi wa shabu: mtungi wa tano ulivyorudi kuwa maziwa

Tunatafuta dozi ya shabu, chumvi ya aluminiamu inayogandisha tope la maji kuwa mabonge yanayozama. Mashine ya kukoroga imekamilika: mapanga sita, mkanda mmoja, mota moja, ili mitungi yote ya lita 1 izungushwe kwa kasi ileile.

Gramu 10 za shabu ya unga huyeyushwa katika maji safi hadi ifike lita 1. Mililita 1 yake ndani ya lita 1 ya maji ghafi ni miligramu 10. Itengenezwe siku hiyohiyo, kwani ikilala hupungua nguvu. Dozi zilikuwa 10 hadi 60 mg, kila mtungi ukizidi kwa 10. Kukoroga ni kwa kasi ya mizunguko 100 kila dakika, kwa muda wa dakika 1, kisha kasi ya mizunguko 30 kila dakika, kwa muda wa dakika 15, halafu maji yatuame nusu saa. Sampuli ivutwe kwa sirinji, sentimita 3 chini ya uso wa maji. Ukimimina, tope huibuka tena.

Raundi ya kwanza iliharibika. Shabu ilitiwa mtungi baada ya mtungi, kwa hiyo wa kwanza ulikorogwa sana na wa sita kidogo. Sasa sirinji sita hujazwa mapema na kusukumwa kwa pamoja.

Raundi ya pili, maji ghafi yakiwa 85 NTU (kipimo cha uchafu unaotia maji ukungu; namba ndogo ni maji maangavu): kwenye 30 mg mabonge yalifikia ukubwa wa kichwa cha pini, na maji ya juu yakapima 4 NTU. Kwenye 50 na 60 maji yalibaki meupeupe. Rahisi kudhani shabu haikutosha, kumbe ilizidi. Maji haya yana alkalini, yaani akiba ya kuzuia asidi, ya 20 mg/l tu (kwa kipimo cha kalsiamu kaboneti), na kila 1 mg ya shabu hula takriban 0.5. Ikifika 40 mg akiba imekwisha, pH inaporomoka (maji yanakuwa na asidi), na aluminiamu ya shabu inabaki imeyeyuka badala ya kuganda. Hiyo hupenya hata chujio la mchanga, ije igande baadaye kwenye tangi.

Raundi ya tatu: 50 mg ya shabu, ikitanguliwa na 18 mg ya chokaa iliyozimwa. Mabonge yalirudi, 3 NTU. NTU moja haistahili gharama yote hiyo. Kinachojaribiwa sasa ni 30 mg pamoja na 11 mg ya chokaa, ili alkalini isishuke chini ya 20. Chupa ya chokaa itikiswe kila unapovuta. Chokaa haiyeyuki yote, na sirinji iliyovuta juu ilibeba karibu maji matupu.