Siku moja maishani mwangu: nauza bajaji Dodoma

Watu wakisikia nauza bajaji wanadhani nashinda kwenye kiti cha kuzunguka, napokea hela na kukabidhi funguo. Ndugu zangu wa Mpwapwa ndio kabisa: hakuna msiba wala harusi ambayo sijavutwa pembeni niombwe chombo kwa "bei ya ndani". Bei ya ndani haipo. Ipo bei ya bajaji, na ipo safari ya kuitoa dukani mpaka iwe barabarani kihalali, abiria watatu nyuma, inamwingizia mtu hela. Safari hiyo ndiyo kazi yangu, na hapo ndipo bajaji ya bei nafuu inapoacha kuwa nafuu. Nawaandikia Jumatano moja ya hivi karibuni mjionee.

Saa 11:30 alfajiri

Kabla sijanawa uso naangalia simu. Bajaji zetu nyingi zinatoka kwa mkopo: mteja anatoa kianzio, anarejesha kila siku kwa simu, akimaliza kadi ya usajili inahamishiwa jina lake. Orodha ya asubuhi inanionyesha nani kalipa jana na nani kapitisha. Aliyepitisha siku moja simgombezi. Namwandikia tu, "Kaka habari za asubuhi, chombo kizima?" Jibu linalorudi ndilo linaloniambia ukweli. Mmoja wa Chang'ombe akajibu kebo ya klachi imekatika tangu jana mchana, na duka alilokwenda walimpa feki ikakatika tena kabla hajafika kijiweni.

Saa 1 asubuhi

Napanda bajaji kutoka Nkuhungu kwenda mjini. Dereva ni mteja wangu, kwa hiyo safari nzima ni kikao. Ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na petroli ilikuwa imepanda. Nauli ya kichwa haipandi siku hiyo hiyo. Marejesho hayashuki. Tofauti yote inatoka kwenye sahani ya dereva na watoto wake. Wenzetu wa Dar wengi wamefunga mitungi ya gesi asilia, maana bomba kutoka Mtwara linawafikia. Huku kwetu bomba halijafika, hesabu yetu ni petroli.

Halafu nikasikia injini inakosa nguvu kwenye kimwinuko kidogo tu. Nikamwomba asimame, afungue eya klina, kichujio cha hewa ya injini. Aliigonga kwenye tairi, vumbi jekundu likamwagika, lingejaza kiganja. "Dada, mimi nilijua injini imekufa." Haikufa, ilikuwa haipumui. Dodoma ni kavu zaidi ya nusu ya mwaka, na mitaa inayokua kwa kasi, Nzuguni, Mkonze, Iyumbu, barabara zake nyingi za ndani ni udongo. Ratiba ya sevisi iliyochapwa kwenye kitabu cha kiwandani haikumwazia dereva wa Iyumbu. Wateja wangu nawaambia waisafishe kila wiki, na wanaofanya hivyo nawajua kwa marejesho yao, hayachelewi.

Saa 2

Lori lilishusha mzigo usiku. Mafundi wanafunga vioo vya pembeni, betri na turubai, mimi nakagua nyaraka, nafungua mfumo, nabandika bei.

Saa 3 kasoro

Hapa ndipo siku ilipokwama.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amelipa taslimu wiki iliyotangulia. Kiinua mgongo chake. Alinunua ili mpwa wake aendeshe njia ya Sabasaba kwenda Ipagala, na wote wawili walikuwa mlangoni kabla sijamaliza chai.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba binti. Kadi imetoka?"

Haikuwa imetoka, na ikabidi nimweleze kwa nini. Kila chombo kina namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, imegongwa kwenye chuma cha fremu. Utaratibu wa kimataifa wa namba hizo hautumii kabisa herufi I, O wala Q, kwa sababu watu wangezichanganya na 1 na 0. Sasa kwenye nyaraka za kuingizia nchini bajaji ya mwalimu, mtu wa upande wa mwagizaji alichapa O mahali penye sifuri. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Mfumo wa usajili unaiona, unagoma. Bila usajili hakuna kadi wala namba, na bila namba na bima huwezi kupata leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ya kubeba abiria. Chombo kipya kabisa, kimelipiwa shilingi ya mwisho, kimesimama yadi.

Mwalimu hakukubali maneno. Akataka kuona. Fundi akafuta grisi kwa kitambaa chenye petroli, mimi nikamulika kwa simu. Mzee akavaa miwani, akapiga magoti kwenye sakafu yenye oili, akaanza kusoma moja moja kwa sauti ya darasani huku mpwa wake akifuatisha kidole kwenye karatasi. Walipofika ya kumi na nne akanyamaza. Akarudia.

"Hii ni sifuri."

"Ndiyo mwalimu."

"Na hapa wameandika O ya Omari."

"Ndiyo mwalimu."

Akainuka akijipangusa magoti. "Basi niambie, binti, siku zangu atanilipa nani?"

Akatoa daftari. Hesabu, yaani hela ambayo mpwa wake atamletea, walikubaliana elfu ishirini kwa siku. Siku sita zimepita, akapiga mstari, akaandika laki moja na ishirini elfu, akanigeuzia niione. Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu mkataba wa mauzo hausemi lolote kuhusu siku ambazo chombo kinalala kwa kosa la karatasi. Hilo linanikera kuliko kelele za mteja yeyote. Tunatangaza kianzio kidogo na marejesho mepesi, lakini hakuna bango linalomwambia mtu aweke akiba ya siku za kusubiri. Aliyelipa taslimu anapoteza hesabu. Aliyekopa ni mbaya zaidi: akicheleweshwa, marejesho yanaanza kumdai chombo hakijabeba hata abiria mmoja, mpaka nipiganie tarehe isogezwe.

Njia ya kurekebisha ipo: picha ya namba, barua, na kopi ya penseli. Kopi ya penseli unaweka karatasi nyembamba juu ya chuma, unalaza penseli ubavu, unasugua taratibu mpaka namba itokee nyeupe kwenye weusi. Ukikandamiza inachanika. Mpwa ndiye aliyeifanya, mkono wake ni mtulivu, nikajua hapo hapo kwamba atakuwa dereva mzuri. Nikatuma kila kitu Dar. Nikapiga simu. Anayehusika yuko kikaoni. Nikapiga tena. Bado kikaoni.

Mwalimu akasema haendi nyumbani.

Akaketi mbele ya meza yangu na hapo ndipo nilipochoka kweli. Kila baada ya muda anauliza, "Wameshajibu?" Akaanza la turubai: kwa nini pazia za mvua zinauzwa pembeni? Akaanza la bei: ameambiwa Dar ni nafuu. Nikamweleza kwamba bajaji ikishuka bandarini ina zaidi ya kilomita 400 za lori mpaka hapa, na ndani ya bei ile ile kuna VAT ya asilimia 18. Nikamweleza kwamba mwagizaji analipa kwa dola, na mwaka 2023 na 2024 dola ilipoadimika nchini, bei tulizobandika zilikuwa zinachakaa kabla mzigo haujafika. Akasikiliza vizuri, akaandika, kisha akasema, "Jirani yangu kanunua iliyotumika, siku ya pili ilikuwa kazini." Ni kweli. Iliyotumika ina kadi tayari, ina namba, injini yake tu ndiyo hujui imepita wapi. Watu wanaochagua mtumba wananunua haraka, na sisi wa chombo kipya hatujui kuwauzia haraka.

Mchana

Katikati ya hayo wakaingia vijana wa kikundi, wanataka profoma, karatasi ya bei ya chombo, kwa ajili ya mkopo wa halmashauri. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024, na tangu irudi bajaji ni ombi ambalo sikosi kulisikia. Mmoja wao mguu wa kulia hauna nguvu. Akakaa kwenye kiti cha dereva, akashika usukani, gesi ya kuongeza mwendo mkono wa kulia, klachi na gia mkono wa kushoto, vyote sawa. Halafu akatazama chini. Breki ni ya mguu. Hakusema kitu, alinitazama tu.

Fundi wetu anajua kutengeneza wenzo wa kuvuta breki kwa mkono, amewahi kuifanya na inashika vizuri. Lakini ni kazi ya karakana, inahitaji ukaguzi, na gharama yake haimo kwenye profoma ya kiwandani, kwa hiyo kamati inaweza kuuliza hii nyongeza ni ya nini. Nikaiandika kwenye mstari wake wa peke yake, kwa maelezo marefu, nikagonga muhuri. Chombo hiki kinafaa kuwa mkombozi wa watu kama yule kijana. Ana mikono, ana akili ya njia, ana wateja mtaani kwao. Kipande cha chuma kisichofika urefu wa mkono wangu kisimzuie.

Akaja mwingine akitaka nimpigie hesabu ya marejesho kwa abiria wanne, mmoja akae na dereva mbele. Nilikataa. Leseni ni ya watatu, na mkopo uliopigwa kwa abiria wa nne unamfundisha dereva kuvunja sheria ili alale bila deni. Akanuna akaondoka. Mwingine akaulizia ya umeme. Hilo swali nalipenda, na nalijibu polepole: Mtumba, mji wa serikali, ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, dereva anakwenda na kurudi mara nyingi kwa siku, basi aniambie kwanza betri ataichajia wapi mchana na kuibadilisha itamgharimu kiasi gani ikichoka. Siku nitakayokuwa na majibu hayo mezani nitaziuza kwa moyo mweupe.

Sikumbuki kama nilikula. Nakumbuka mwalimu alimtuma mpwa wake akaleta mihogo ya kukaanga na akanikatia nusu bila kuuliza.

Jioni

Barua iliyosahihishwa iliingia saa 11 kasoro. Dirisha la usajili lilikuwa limeshafungwa. Siku nzima imekwenda kwa alama moja ya duara, na bado haijaisha.

Nikamchapia mwalimu nakala. Akaisoma namba yote tena, mwanzo mpaka mwisho, akalinganisha na kopi ya penseli. Safari hii ni sahihi. Nikamwambia wazi nitakachokidai kwenye ripoti yangu ya mwezi: huko Dar apatikane mtu mmoja wa kuisoma namba kwenye chuma chenyewe kabla nyaraka hazijatumwa, na mteja anayecheleweshwa na karatasi zetu alipwe kwa sevisi ya bure au asogezewe marejesho, iandikwe kwenye mkataba. Nimeshaiandika huko nyuma na nitaiandika tena.

"Andika," akasema. "Na hiyo hesabu yangu iweke." Akachana ukurasa wa daftari akanipa.

Nilipotoka kulikuwa kumeshaingia giza na upepo wa Dodoma umeanza kuuma. Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipitia Chang'ombe na kebo halisi ya klachi mkobani, kwa sababu dereva asiye na klachi hana marejesho, na kumpigia simu za kumtisha hakufungi kebo. Alikuwa ameshaifungua ya zamani, nyaya zake zimechanuka. Akafunga mpya akiwa amechuchumaa kwenye mwanga wa duka, akawasha, akaingiza gia ya kwanza, akaenda mbele mita chache akarudi.

"Dada, nitaingiza hela usiku huu huu. Treni ya Dar ikifika sikosi abiria wa stesheni."

Nikamwambia alipe nusu leo, nusu Ijumaa, na nikairekodi hivyo pale pale ili asubuhi mfumo usimhesabu kama mkaidi. Kisha nikampandia mpaka Nkuhungu, nauli nikalipa.