Ekzosi za ubavuni: bomba la kulia saa moja, la kushoto wiki mbili

Bodi imeshakaa kwenye chasisi, injini ya V8, yenye silinda nane zilizopangwa kwa safu mbili, imefungwa, na hatimaye nimefikia kazi niliyokuwa nikiiota tangu nifungue sanduku la kwanza la vipande: kufunga mabomba ya ekzosi ya ubavuni. Gari ninalojiundia ni mfano wa Cobra, lile ambalo Carroll Shelby wa Marekani alilianzisha mwaka 1962 kwa kutia injini ya Ford ndani ya gari dogo la kampuni ya AC ya Uingereza. Cobra 427 za mashindano, za mwaka 1965, zilitoa ekzosi ubavuni chini ya mlango, na kwangu hiyo ndiyo sura yenyewe ya gari hili. Bomba likikaa upogo, jicho halioni kingine.

Jumamosi ya kwanza. Nilishusha gari kutoka kwenye stendi likasimama kwa matairi yake, nikaweka mifuko ya mchanga kwenye viti. Vipimo vinavyochukuliwa gari likiwa juu ya stendi havidumu, kwa sababu chasisi na bodi hujikunja kidogo uzito unapohamia kwenye matairi. Gasketi, yaani vibati vya kuziba maungio, nazo niliziweka tangu mwanzo, maana unene wake unabadilisha mkao wa bomba. Bolti zote nilizikaza kwa vidole tu.

Bomba la kulia lilikubali ndani ya saa moja. La kushoto lilipofungwa, mkia wake ulikuwa chini kwa milimita 15.

Nakiri nilishika klampu nikitaka kuuvuta mkia juu na kuufunga hivyohivyo kwenye kishikizo cha nyuma. Kwa macho lingenyooka. Lakini bomba lililovutwa kwa nguvu halitulii: mpira wa kishikizo unachoka mapema, na nguvu yote inakwenda kukaa kwenye flanji, yaani bamba la bolti linalounganisha bomba na injini, na kwenye mshono wa kuchomelea wa shingo, mahali penye joto na mtikisiko kuliko pengine pote. Mshono ukipasuka hapo, kazi inaanza upya. Nikaweka klampu chini, nikaenda kutafuta chanzo mbele.

Hesabu yake ni nyepesi. Flanji yangu ina upana wa milimita 100, na kutoka hapo hadi mwisho wa bomba ni milimita 1500. Kosa la milimita 1 kwenye flanji linafika mkiani likiwa milimita 15, kosa lilelile nililokuwa nalitazama. Nikafungua bomba, nikaweka rula ya chuma juu ya flanji ya manifoldi, ile sehemu inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, na kumulika tochi kwa nyuma. Mwanga ulipenya sehemu ya chini. Joto la kuchomelea lilikuwa limeivuta flanji, upande wa chini ukarudi ndani.

Jioni mbili zilikwisha kwa tupa. Napaka wino usoni mwa flanji, nabandika bomba, nalitoa, naangalia wino umefutika wapi, nasugua hapo tu. Grenda ingemaliza kwa dakika kumi na kuacha bonde jipya. Mwanga ulipoacha kupenya nikafunga tena, na pimamaji ikasema bomba limelala sawa na sakafu.

Nikarudi nyuma hatua tano kutazama. Bado mkia ulionekana umeshuka!

Hapa nilijifunza jambo ambalo ningependa kulijua mapema. Jicho halipimi bomba kwa sakafu, linalipima kwa ukingo wa bodi ulio juu yake. Nikapima pengo kati ya bomba na ukingo huo: kulia milimita 43 mbele na 44 nyuma, kushoto 42 mbele na 49 nyuma. Bodi ya faibaglasi ndiyo iliyokuwa ikipanda, bomba halikuwa na kosa. Ningefuata bodi kabisa, mtu aliyesimama nyuma ya gari angeona mikia miwili isiyolingana. Ningefuata sakafu, mtu wa ubavuni angeona bomba linaloanguka. Nikachagua kuupandisha mkia milimita 4 na kuacha 3 zilizobaki. Kwenye flanji hizo 4 ni zaidi kidogo ya robo milimita, yaani jioni nyingine ya tupa. Sasa sioni kosa upande wowote, nami ni mtu wa kutafuta.

Kisha tundu la bodi ambamo bomba linatokea. Injini imekaa juu ya mipira, na ukikanyaga mafuta ghafla inajipinda pamoja na ekzosi zake. Nikabandika udongo laini wa kuchezea kuzunguka tundu, injini ikiwa baridi, mwanangu akawasha na kukanyaga mara tatu, kisha akazima. Pale ulipominywa zaidi, udongo ulibaki na unene wa milimita 5. Sikuridhika, kwa sababu resini ya bodi inalainika kwa joto ambalo bomba hilo linalizidi mbali. Nimelipanua tundu hadi ikabaki milimita 12.

Kuna pia kurefuka. Chuma cha pua chenye urefu wa mita 1.5 kikipanda joto kwa nyuzi 400 kinarefuka kama milimita 10. Kwa hiyo tundu la bolti kwenye kishikizo cha nyuma nimelichonga kuwa refu, na bolti nimeiweka upande utakaoliachia bomba nafasi ya kwenda nyuma.

Leo injini imenguruma dakika ishirini. Kila ubavu unapumua peke yake, na kwa kuwa mpangilio wa kuwaka wa V8 hii ni 1-3-7-2-6-5-4-8 (silinda 1 hadi 4 ziko kulia, 5 hadi 8 kushoto), kila upande una silinda mbili zinazofuatana bila kupokezana na upande wa pili, na mdundo wake unakuja kwa kukatikakatika. Nilisimama kando nikisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Shingo za mabomba zimegeuka rangi ya dhahabu. Ilipopoa nilikaza bolti za flanji tena, na nne kati ya nane zilikubali robo mzunguko. Mkia wa kushoto umerudi palepale nilipoweka alama ya kalamu.

Kinachofuata ni ngao za joto. Mlango unafunguka juu ya bomba lenyewe, na shavu la mguu ndilo linalopita karibu nalo mtu anaposhuka.