Ndovu wa Otranto

Jana kitinda mimba wangu alikuwa anachokora simu, akaibuka na picha. "Mama, kwani Italia kuna ndovu?"

Wapo wawili, wa vijiwe vya rangi, kwenye sakafu ya kanisa kuu la Otranto. Mtawa Pantaleone aliwatengeneza kati ya 1163 na 1165, akaupandisha mti mzima juu ya migongo yao. Mji ulikuwa wa Wanormani, walioupokonya kwa Wabizanti. Wakaja Waaragon, Waturuki kwa mwaka mmoja na kidogo, Wavenisi, Wahispania, halafu Napoleon, ambaye 1809 aligawa hata jina la mji: Fouché, waziri wake wa polisi, akaitwa Duki wa Otranto. Sisi wa Malindi, tuliopitiwa na Mreno, Sultani na Mwingereza, hayo hayatushangazi.

Ndovu nimewapiga picha. Ya kulia kwa altare sikupiga.

Ni kipindi kile nilichokaa Lecce, mji wa jirani. Niliingia na mtandio wangu kichwani, nafuata ubaridi tu, nikakutana na makabati ya vioo. Ndani mafuvu, safu juu ya safu, kama nazi zilizofuliwa. Agosti 1480 jeshi la Waturuki chini ya Gedik Ahmed Pasha liliuteka mji, na tarehe 14 watu wapatao 800 wakakatwa vichwa kilimani. Husimuliwa kuwa walitakiwa wasilimu, wakakataa. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu 2013. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye treni, nikajiona najua.

Mbele ya maiti mdomo wangu haungoji ruhusa. "Innaa lillaahi..." Nikakwama. Nawasomea maneno ya dini waliyokufa wakiikataa? Kwenye benchi alikuwepo bibi mmoja na rozari yake, ananitazama: mtandio, kisha midomo. Jasho likanitoka. Utadhani ule upanga niliuleta mimi, kwenye mkoba, pamoja na tikiti ya treni.

"Turca?" Mturuki? akauliza, taratibu.

"No, signora. Malindi."

"Malindi!" Uso ukamfunguka. Mpwa wake amefika mara mbili! Akaniuliza habari za bahari, nikamjibu kwa Kiitaliano changu cha hotelini, ambacho kingi chake ni vyakula na taulo. Akasogea, akapigapiga benchi kwa kiganja. Nikakaa. Akarudi kwenye rozari, nami nikaimalizia dua yangu kimyakimya, kiganja mdomoni kama mtu anayezuia kikohozi.

Mpaka leo sijajua nilikuwa namficha yeye au wale wa kwenye vioo. Mume wangu anasema nisingesoma kabisa. Mama, Mungu amrehemu, angesema nisome kwa sauti.

"Huyo mtawa aliwahi kumwona ndovu?" mtoto akaendelea.

Nikamnyang'anya simu, nikamwambia akaoge.