Siku ya mpiga solo: Jumamosi moja na bendi ya dansi Dar

Saa 4 asubuhi ndiyo naamka. Jirani yuko barazani anachambua mchicha, na swali lake ni lile lile: "Shemeji, leo tena hukwenda kazini?" Namwambia nakwenda jioni. Anacheka. Kwake gitaa ni starehe, na hajawahi kuona mtu akilipwa kwa kustarehe.

Saa 6 mchana nashughulika na nyuzi. Seti nzima kila wiki siimudu, kwa hiyo nabadilisha wa kwanza na wa pili, ndizo zinazokatika, zilizobaki nazifuta jasho la wiki iliyopita. Uzi wa kwanza ninaotumia haufiki hata robo milimita kwa unene, na sebene yote ya usiku, ile sehemu ya wimbo ya magitaa na kucheza, inaning'inia hapo.

Mazoezi saa 8 hadi saa 10. Wimbo mpya, waimbaji wanagombania kiitikio, hakuna zaidi.

Ila niseme kidogo jinsi kazi yenyewe ilivyo, maana wengi wanadhani mpiga solo ni mtu wa kukimbiza vidole tu. Sisi tuna magitaa manne: solo, solo la pili, rizimu na besi. Wimbo ukichanganya, mimi nashika kipande kifupi, noti sita au saba, nakizungusha bila kukigeuza hadi watu wainuke vitini. Solo la pili linapenya kwenye nafasi ninazoziacha, rizimu inashikilia chini. Nikijaza kila nafasi kwa ufundi wangu, nimemuua mwenzangu na uwanja umepoa. Kukaa kwenye noti zile zile dakika kumi huku kiganja kinawaka moto, hapo ndipo ulipo ugumu.

Saa 12 jioni kirikuu kinatakiwa kiwe kimefika kubeba vyombo. Kinafika saa moja na nusu, na tunapakia wenyewe: spika, amplifaya, ngoma, tumba. Wazee wa NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964, walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi, mshahara mwisho wa mwezi na vyombo vya mwajiri. Bendi hiyo ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ndiyo Msondo Ngoma. Sisi tunaishi kwa kiingilio. Mwenye baa anachukua bia zake, sisi tunachukua cha getini, na kabla hakijagawanywa kinatoa nauli ya kirikuu na kodi ya spika.

Saa 3 usiku tunaanza taratibu, rumba za kusindikizia nyama choma. Meza nyingi tupu. Saa 5 ukumbi umejaa, na ndipo akaja bosi.

Kila ukumbi una bosi wake. Huyu ana shati jeupe na simu tatu mezani. Anamwita mwimbaji kwa kidole, anataka "ule wa zamani". Upi? Jina halijui, anauguna. Mpiga rizimu akaukamata kwenye mguno wa pili, tukaupiga. Tulipoingia kwenye sebene akapanda jukwaani, akanibandika noti ya 10,000 kwenye paji la uso. Nina jasho, noti ikateleza ikaziba jicho. Siwezi kuitoa, mikono yote iko kazini, nami nimeshika kile kipande nisichotakiwa kukiachia. Besi anacheka hadi anainama.

Angeishia hapo ningemwombea dua. Akataka wimbo urudiwe, tukarudia. Akataka jina lake litajwe, likatajwa, halafu akalalamika kwamba la rafiki yake limetajwa kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya tatu akaja akashika shingo ya gitaa, pale pale ninapopigia: "Mwalimu, hebu nipe kidogo." Nikasogea nyuma naye akasogea. Uzi wa kwanza ukakatika, ule niliofunga mchana. Mwenzangu wa solo la pili hakusubiri kuambiwa, akaruka juu akakidaka kile kipande kabla hakijadondoka, na waliokuwa wanacheza hawakujua kitu. Nikachuchumaa nyuma ya amplifaya kufunga uzi mwingine kwa mwanga wa simu. Nilikuwa naukaza uzi nilipoona viatu vyake mbele yangu.

"Kaka, ile elfu kumi. Ulikuwa na chenji? Nilitaka kukupa tano."

Bosi anaomba chenji ya tuzo! Kwetu tuzo ni ya aliyetunzwa, na kwa usiku mwingine huwa inauzidi mgao wenyewe. Nikamwambia, "Bosi, noti imeloa jasho, haitapokelewa kokote." Akafikiri, akaridhika, akarudi mezani.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Tulipiga hadi vidole vikafa ganzi, tukapiga tena. Mama mmoja wa makamo alicheza peke yake mbele ya spika zangu nyimbo tatu mfululizo, na kwa ajili yake nilizipiga kama ukumbi umejaa, ingawa wakati huo walibaki wahudumu na walevi wawili.

Mgao uligawanywa juu ya tumba, taa zikiwa zimeshawashwa zote. Nilipata 18,000, na ya bosi 10,000. Kirikuu hakikuwa na nafasi, nikapanda bodaboda na gitaa mgongoni. Kesho ni bonanza. Kiongozi anataka vyombo viwe vimefungwa saa 9 alasiri, na nyuzi za akiba sina.